Mahindi ya Zehra

Wiki iliyopita nilisimama katika duka la mbegu la Mwembe Tayari kwa muda ambao muuzaji aliuona umezidi. Mbele yangu kulikuwa na pakiti tatu za mahindi matamu: moja ya punje za manjano tupu, moja ya punje nyeupe, na ya tatu ya punje za rangi mbili zilizochanganyika katika gunzi moja. Mama alikuwa ameniagiza jambo dogo tu: nimletee mbegu ya kupanda katika kipande cha ardhi kilicho chini ya dirisha lake la jikoni, huku Tudor, apate cha kumwagilia asubuhi, maana yumo edani na siku zake zimekuwa ndefu. Nilisoma nyuma ya kila pakiti mara mbili. Nililinganisha urefu wa mmea na upepo wa upande huu, siku za kukomaa na mvua iliyobaki, utamu na chumvi iliyomo katika udongo wa kisiwa. Kila nilipofikia uamuzi niliutilia shaka, nikarudi kwenye pakiti ya kwanza.

"Dada," muuzaji akasema mwishowe, "wachagua mbegu ama wachagua mchumba?"

Wateja wawili nyuma yangu wakacheka. Ili kuniharakisha, akachota kidogo kutoka kopo la mbegu za kupima, akanimiminia kiganjani. Zilikuwa nyepesi mno. Zilikuwa zimesinyaa na kukunjamana, kama ncha za vidole vilivyokaa majini tangu asubuhi. Nilizifumbata, na hapo hapo, mbele ya watu, nikiwa mtu mzima anayesomea shahada ya uzamili katika uzalishaji wa mimea, nikashikwa na wivu niliokuwa nao nilipokuwa na miaka tisa. Haukuwa kumbukumbu ya wivu. Ulikuwa wivu wenyewe, mzima, wenye joto lake kifuani.

Baba yangu amefariki. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo desturi yetu, na saa aliposhushwa kaburini mimi nilikuwa ndani ya treni, nikitokea chuoni, nikitazama nyika zikipita dirishani. Nimekuwa nikijitahidi kuyapanga mambo yake kichwani kwa utaratibu, kama mtu anayepanga data, lakini hayapangiki. Kila ninapoanza naishia katika uwanja mmoja mdogo wa Mji wa Kale, na katika swali moja ambalo nimelibeba tangu hapo: kama mtu huyu, aliyekuwa mpole kwa watu wote, aliwahi kuniona mimi.

Baba alifanya kazi kwa familia ya Kihindi iliyouza turubai na kamba. Duka lilikuwa chini, wenyewe waliishi juu. Alipima kamba kwa urefu wa mikono yake na kuzikata kwa kisu kilichopinda, na alipofika nyumbani jioni mikono ile ilinuka katani na lami, naye akala kimya na kulala mapema. Sikumlaumu. Nilidhani baba wote hukoma kusema wavukapo kizingiti.

Nyuma ya duka palikuwa na nyumba iliyokwisha kuanguka zamani, zikabaki kuta tatu za mawe ya matumbawe na kifusi katikati. Baba aliomba ruhusa akakiondoa kifusi kile, ndoo baada ya ndoo. Madereva wa malori wa Shimanzi, waliokuja kununua turubai, walimletea udongo mwekundu na samadi katika magunia, kila mmoja gunia lake, kama watu wanaochangia arusi. Yeye alikuwa Mdigo wa Matuga, mtoto wa mkulima, na kisiwa hiki cha mawe kilikuwa kimemnyima jembe kwa miaka mingi. Alipanda mchicha, bamia, biringani. Kisha akaambiwa apande mahindi.

Aliyeyataka mahindi ni Bi Sakina, mama wa mwenye duka. Alikuwa amebakiwa na meno machache, na katika vyakula vyote alipenda makai paka, yaani mahindi yaliyopikwa kwa tui zito la nazi, ndimu na pilipili mbichi. Aliyalalamikia mahindi ya sokoni kila alipopata msikilizaji. "Haya si mahindi," alisema, "haya ni changarawe. Hamisi, wewe mtoto wa shamba, huwezi kunipandia yale laini, yale matamu, nikala kabla sijafa?"

"Nitakupandia, Bi," baba akamjibu. "Na kufa hufi."

Jumamosi, baada ya chuo cha Kurani, ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwenda naye uwanjani. Mara ya kwanza nilipovuka ule mlango wa nyuma nilisikia mtu akizungumza kwa furaha, maneno yakimtoka kwa wingi, akicheka katikati ya sentensi. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni baba. Alikuwa amechutama kando ya tuta, na aliyekuwa akizungumza naye ni Zehra.

Zehra alikuwa mjukuu wa Bi Sakina, rika langu hasa, tofauti yetu miezi miwili. Alikuwa na msuko mmoja mrefu na viatu vya mpira vya buluu alivyonunuliwa kwa ajili ya uwanja ule tu. Hakuwa mtoto mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nimejaribu mara nyingi kumkumbuka kuwa mbaya, nikashindwa. Alinigawia chochote alichokuwa nacho. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuweza kunigawia wala hakujua kuwa anacho: sauti ile ya baba.

Lugha yetu ina majina mengi kwa hisia hii, na nimeyapima yote. Husuda ni kutaka mwenzio apokonywe. Kijicho ni kumtazama na alichonacho mpaka kiharibike. Mimi sikutaka Zehra apokonywe chochote, wala sikutaka viatu vyake, wala ghorofa yao yenye madirisha ya rangi. Nilitaka baba aniite nisimame ubavuni pake katikati ya mimea, aniulize jambo, na asubiri jibu langu. Hilo tu. Kwa mtoto wa miaka tisa ilikuwa ni dunia nzima.

Siku ya kuchagua mbegu, baba alipanga pakiti tatu juu ya jiwe. Nakumbuka maneno yake kwa usahihi unaonitisha, kwa kuwa hayakuelekezwa kwangu, na maneno yasiyotuelekea huwa tunayasikia vizuri zaidi.

"Hii ya manjano ni fupi, Zehra. Upepo hauiangushi. Hii nyeupe imeishinda kwa utamu, lakini yataka sufuria iwe jikoni yachemka kabla hujaichuma. Ukiiacha mpaka adhuhuri utamu wote umegeuka wanga. Hii ya rangi mbili yapendeza kwa macho. Wasemaje?"

"Tupande zote!"

"Hatuwezi zote. Mahindi huoana, mama. Upepo ndio kadhi wao. Uwanja ni mmoja, kwa hiyo lazima tuchague mmoja."

Miaka iliyofuata nilijifunza kwamba sentensi ile ilikuwa muhtasari mzuri wa somo zima. Wakati ule nilisikia nusu yake ya mwisho tu. Lazima tuchague mmoja. Nilimtazama Zehra, nikajitazama mimi, nikaelewa nilichoelewa.

Zehra alifikiri, kidole kinywani. "Ya manjano," akasema. "Kwa sababu yafanana na gauni langu la Idi."

Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba amepewa fatwa. "Ya manjano, basi." Akaipasua pakiti, akamimina punje kiganjani, na mimi nikasogea kutazama. Nilishtuka. Nyumbani kwa nyanya, Matuga, nilikuwa nimeiona mbegu ya mahindi tangu nilipojua kutembea: nene, nyeupe, ngumu, inayong'aa kama jino. Hizi zilikuwa maiti za mbegu. Na hapo nikaona nafasi yangu. Baba alikuwa amedanganywa dukani, Zehra hakujua, na ni mimi pekee, binti ya mkulima, niliyeweza kumwokoa.

"Baba, hizi mbovu," nikasema. "Zimesinyaa. Nyanya hawezi kupanda hizi hata kwa kuku."

Zehra akacheka mpaka msuko ukamrukia begani. "Ati mbovu! Mishi hajui! Mishi hajui!"

Hilo ningelisamehe. Lakini baba naye alicheka, kicheko kifupi, kisicho na ubaya wowote, kisha akarudia kuhesabu punje zake huku akisema bila kuinua macho: "Mweleze, Zehra."

Mweleze, Zehra. Akanieleza. Alinieleza vizuri, kwa subira, akitumia maneno ya baba na hata ule mkono wa baba wa kupima hewani: kwamba sukari ikikauka hunywea, haijazi punje kama wanga, ndiyo maana mahindi matamu yana mbegu iliyokunjamana, kwamba mikunjo hiyo ndiyo dalili ya utamu wake. Niliitikia kwa kichwa. Masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba yalikuwapo masomo, mengi, ya siku zote ambazo mimi sikuwapo, na kwamba mwanafunzi alikuwa ameshapatikana.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Matuga kumtazama nyanya. Mbegu zake aliziweka kwenye uchaga juu ya meko, zikafukizwa moshi mwaka mzima ili wadudu wasizisogelee. Nilipanda juu ya kinu, nikachomoa gunzi moja la mdzihana, mahindi yetu ya asili, nikalipukuchua punje saba nikazifunga katika pembe ya mtandio wangu. Zilinuka moshi. Njia nzima ya kurudi, kivukoni na mjini, nilizishika moja moja kwa nje ya kitambaa, nikihakikisha idadi.

Jumamosi nilimngoja baba aitwe dukani. Nikaenda mpaka ukuta wa mwisho, ule upande unaopokea upepo, nikachimba mashimo saba kwa kidole gumba. Nilipima kati ya shimo na shimo shubiri mbili, na nilipoona moja limekaribia jingine nikalifukia nikachimba upya. Mpango wangu ulikuwa wazi kabisa. Mimea yangu ingetoka na nguvu kuliko ile ya maiti. Baba angeiona. Angeuliza: "Hii ni ya nani?" Na mimi ningesema: "Yangu."

Ilitoka. Ilikuwa mirefu kuliko ya Zehra, yenye mashina mekundu kidogo kwa chini. Kila Jumamosi nilisimama karibu na ukuta ule nikijifanya naondoa magugu, nikimpa baba nafasi ya kuuliza. Alipita. Alimwagilia mistari ya Zehra, kisha akamwagilia na yangu, maji yale yale, mwendo ule ule, bila kusema neno. Siku moja alisimama hapo muda mrefu, mikono nyuma, na mimi nikaacha kupumua. Kisha akanitazama, akaniuliza: "Una neno, mwanangu?"

"Sina, baba."

Akaenda zake. Nilitaka aulize swali nililomtungia, si jingine. Nikahitimisha, kwa mantiki kali ya utoto, kwamba hakuona. Mimea saba iliyomzidi kimo, na hakuiona, kwa kuwa ilikuwa yangu.

Kisha mbelewele zikatoka, na unga wake wa manjano ukawa unapeperuka asubuhi ukitua juu ya kila kitu, juu ya majani ya bamia, juu ya msuko wa Zehra, juu ya ndevu laini za mahindi yake yaliyosimama upande wa chini ya upepo. Niliufuta puani nikapiga chafya. Sikufikiri chochote.

Siku ya kuvuna, Bi Sakina aliteremka mwenyewe, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu mara kwa mara. Tui lilikuwa limekwisha kukamuliwa, sufuria imeinjikwa juu ya jiko la makaa pale pale uwanjani, ili mahindi yatoke shinani yaingie motoni. Zehra alichuma la kwanza akalimenya. Nilikuwa karibu, nikaona. Punje hazikuwa na ile rangi ya gauni la Idi. Nyingi zilikuwa zimepauka, zimejaa, zimebanana, na hapa na pale tu palikuwa na iliyong'aa njano. Yakapikwa hata hivyo. Yakapikwa mpaka tui likakatika.

Bi Sakina alitafuna kwa upande wake wa meno. Akatafuna tena. Kisha akatoa alichokuwa nacho kinywani, akakiweka ukingoni mwa kisahani kwa adabu, kama anavyowekwa mfu.

"Hamisi. Haya ni mahindi ya punda."

"Dadi, mimi nitayala," Zehra akamwambia nyanya yake, akikivuta kisahani.

"Utakula mawe? Miezi mitatu mtoto yuaamka na alfajiri kuyamwagilia! Si bure. Pana mtu ametia jicho hapa." Akatuzungushia macho, na kwangu yakakaa. Huenda hayakukaa, huenda mimi ndiye niliyekaa mbele yake nikiwa na kifua kilichojaa ushahidi. Akaagiza chumvi na pilipili kavu, akamzungushia Zehra kichwani mara saba, akazitupa kwenye makaa. "Zikiwasha pua, ni bahati mbaya tu. Zisipowasha, ni jicho."

Hazikuwasha. Leo najua kwamba upepo uliupeleka moshi upande wa pili wa ukuta. Siku hiyo nilisimama nikivuta hewa kwa nguvu zote, nikiomba nipige chafya, na hewa ikaingia safi, tamu, isiyo na hatia yoyote. Nilikuwa nimemtazama Zehra kwa miezi mitatu. Nilijua jinsi nilivyomtazama. Basi ni mimi.

"Si jicho, Bi," baba akasema. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Kosa langu. Mbegu niliichagua vibaya."

Lakini mbegu alikuwa ameichagua Zehra. Sote tuliokuwapo siku ile tulilijua hilo. Nilimwona baba yangu, mtu mzima, akiinamisha kichwa mbele ya yule bibi kizee kwa ajili ya kosa la mtoto mwingine, na wivu wangu, badala ya kufa kwa hofu, ukapata mizizi. Ningeharibu nini mimi, nikawaza, ndipo aniinamishie kichwa hivyo?

Bi Sakina hakumwadhibu; alimnyima tu imani. Akasema uwanja ule una jicho, heri uwe ghala la turubai. Wakapiga bati juu ya kuta, na udongo wa madereva ukafunikwa kwa saruji. Kuanzia hapo baba alikuwa nyumbani kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Alikaa kwenye kiti cha ukambaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akawa hana la kusema, na mimi niliyekaa mkekani mbele yake sikuwa na la kumuuliza.

Wala sikuthubutu kumtazama sana. Mtu mwenye jicho anapaswa kuwa na tahadhari. Mdogo wangu alipozaliwa nilikataa kumwangalia usoni mpaka akafikisha siku arubaini. Nilimbeba nikitazama ukuta. "Huyu ana nini?" mama alishangaa. Walimu walinisifu kwa mitihani, lakini usahihi wangu wote ulianzia hapo: nilijizoesha kutazama vitu kwa kuvipima, kwa kuvihesabu, kwa kuwa kilichopimwa hakitamaniwi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni mhadhiri alipopitisha magunzi darasani kutoka mkono hadi mkono. Mahindi matamu, akaeleza, yakipandwa chini ya upepo wa mahindi ya kawaida, hupokea chavua yake, na punje hujaa wanga msimu ule ule. Asiyejua hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Gunzi lilipofika mkononi mwangu nililitambua kama mtu anavyotambua sura. Punje zilizopauka, hapa na pale njano. Nilitoka nje ya ukumbi nikaketi kwenye ngazi. Sikuwa na jicho. Nilikuwa na mkono. Nafuu ilidumu kama dakika tano, kisha nikaona kwamba hali yangu imezidi kuwa mbaya, maana jicho halina makusudi, ila mashimo saba nilikuwa nimeyachimba mwenyewe, kwa kipimo.

Niliamua kumwambia baba. Niliitunga sentensi. Kila likizo nilirudi nayo Mombasa imeboreshwa: kwanza ilianza na mahindi, baadaye nikaona ianze na uwanja, kisha nikaona nimwombe radhi kabla ya kueleza, kisha nikahofia kwamba radhi bila maelezo ni fumbo. Miaka minne niliihariri sentensi hiyo. Ilikuwa karibu kukamilika nilipopigiwa simu.

Zehra ndiye aliyenipigia. Ndiye sasa anayeendesha duka, na ndiye aliyekuwa hospitalini usiku ule, yeye na mama, mimi nikiwa chuoni na magunzi yangu ya utafiti. Nilipofika nyumbani baba amekwisha zikwa, nilimkuta Zehra kati ya wanawake, macho yamemvimba, amekaa mahali pangu ubavuni pa mama. Wanawake walimpisha alipoinuka. Kwa siku saba nilimsikia akisimulia mambo ya baba ambayo sikuyajua, alivyopenda chai ya tangawizi bila maziwa, alivyoimba akikata kamba. Aliimba! Nilipokea pole za watu kwa mikono miwili, na nilichokuwa nikikipigia hesabu moyoni ni nani kati yetu aliyefiwa zaidi.

Ijumaa hii alikuja tena kumjulia hali mama. Mama alikuwa kwenye Kurani yake, kwa hiyo tulikaa ua wa nyuma, mimi na yeye, kwenye ngazi ya jikoni. Alikuwa amechoka. Nilimtazama mkono wake ulivyokuwa mgumu kwa kamba kama ulivyokuwa wa baba, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema jambo kabla sijalipanga.

"Zehra, yale mahindi ya uwanjani. Mengine nilipanda mimi."

"Saba," akasema. "Ukutani."

"Ulijua lini?"

"Yalipokuwa na majani matatu. Yeye ndiye aliyenionyesha." Alivuta mtandio wake mbele. "Aliniita akaniambia, 'Zehra, hii ni mbegu ya mamangu. Naijua kwa shina. Basi hapa pana kazi ya Mishi.' Nikamwambia ayang'oe. Wallahi nililia, Mishi, nikagaagaa chini na vile viatu vyangu. Nikamwambia, 'Yangu yataharibika, ulisema mwenyewe mahindi huoana!' Akanambia, 'Ndiyo, yataharibika.' Nikamwambia basi akate vichwa tu, ile mbelewele, yasitoe unga. Hata hilo akakataa."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Tazama alivyopima. Hakuna lililozidi jenzake hata kwa ukucha. Mtoto huyu hakufundishwa na mtu. Nikiyang'oa haya, hatanipandia kitu tena.'" Akaendelea: "Nilikuchukia, ndugu yangu. Mwaka mzima. Miezi mitatu mimi nateka maji, kisha wewe waja na mbegu saba na yeye akuchagua wewe."

Mama alikuwa akisoma ndani, sauti ikipanda na kushuka.

"Mbona hakuniuliza?" nikasema. "Nilimngoja. Kila Jumamosi nilisimama pale pale."

"Na yeye alikungoja wewe. Ukifika tu aninong'oneza, 'Leo atasema.' Ukiondoka: 'Hakusema. Ni mtoto wa babake huyu.' Akicheka. Akaniapisha nisikwambie, ati ni juu yako."

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulitua. Sitaandika uongo. Kilichonijia kwanza kilikuwa ni wivu, mkali kuliko wa duka la mbegu, mkali kuliko wa siku ya pilipili. Hata kosa langu baba alikuwa amempelekea Zehra. Maneno niliyoyangoja maisha yangu yote yalikuwa yamesemwa, kwa sauti ile ya uwanjani bila shaka, sauti ya furaha, na yalikuwa yamekaa miaka yote hiyo ndani ya sikio la mtu mwingine. Zehra alikuwa na jinsi baba alivyoyatamka. Mimi nilikuwa na taarifa tu.

Zehra aliinuka ajikung'ute vumbi aende. Nikamshika pindo la buibui.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Alivyosema. Sema kama alivyosema yeye."

Akaketi, chini kidogo ya pale alipokuwa amekaa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Tangu wapi?"

"Tangu majani matatu."